Ndege Zilizopita Juu ya Sanda

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyeyapa macho nuru na akayawekea mpaka, ili mwanadamu aone kiasi cha kumtosha kutembea na yaliyobaki amtegemee Yeye. Namshukuru kwa uzee huu, kwa pumzi ya asubuhi, na kwa mke wangu ambaye hadi leo anagombana nami juu ya sukari katika chai. Ni kwa sababu yake naandika haya.

Nilifika Karatu nikiwa kijana, kutoka Singida, kuchuma kahawa kwenye shamba kubwa lililopanda kuelekea Oldeani. Tulikuwa watu wa kila upande: Wanyaturu, Warangi, Wagogo, Wairaqw wa Mbulu. Waislamu wachache tulijenga msikiti wetu wa udongo nyuma ya kambi ya vibarua, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma chuo cha Kurani kwa mzee mmoja wa kwetu kabla ya kuja, nikawekwa kusalisha na kufundisha watoto. Kuanzia hapo kila mtu akaniita mwalimu, hata wasimamizi.

Katika chumba kidogo cha msikiti tulikuwa na sanduku la bati. Ndani yake tuliweka jora la bafta nyeupe, udi na kafuri. Ndivyo walivyokuwa wakifanya vibarua wa mashamba yale tangu kabla yetu. Mtu akifia mbali na kwao, asikose sanda kwa sababu maduka yamefungwa au barabara imekatika. Kafuri iliingia kwenye nguo ile kiasi kwamba ukifungua sanduku unajua mara moja upo mbele ya nini.

Vita vya Kagera vilipokuwa vinaendelea, redio ilisema ndege za adui zimepiga miji ya kando ya ziwa. Kwetu ilikuwa mbali, lakini mbali ya ndege si mbali ya miguu, na watu walianza kutazama juu. Wakati huo wanaume wengi tulikuwa mgambo. Ndipo lilipokuja gari la sinema na afande mmoja, kutufundisha kutambua ndege.

Gari liliingia kambini jioni likiwa limechafuka tope hadi kwenye vioo. Pazia lao la kuonyeshea lilikuwa limechanika njiani. Afande akauliza nani ana nguo nyeupe kubwa. Wazee wa msikiti wakatazamana. Walizungumza pembeni kwa muda, kisha mkubwa wao akaniambia nitoe bafta, kwa kuwa kulinda roho za watu ni kazi nzuri kuliko kuzifunika. Tukashona mapande mawili kwa haraka, tukaifunga nguo kati ya nguzo mbili uwanjani.

Mtani wangu mmoja, Mrangi wa Kondoa, kibarua mwenzangu aliyelala chumba cha pili kutoka changu, alikuwa anashika kamba upande wa pili. Kati ya watu wake na wangu kuna utani wa tangu mababu; anaweza kunitukana msibani na nikamshukuru.

"Mwalimu," akaniambia, "miaka yote unasema sanda ni ya mtu mmoja mmoja. Leo umetushonea moja ya kijiji kizima."

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka.

Tulikaa chini mbele ya nguo, upande ilipokuwa mashine. Giza lilipoanza, wakafika wafugaji, mgambo wa Kimasai walioteremka kutoka Ngorongoro kwa miguu. Uwanja ulikuwa umejaa. Wakapita nyuma, wakakaa upande wa pili wa nguo, wamejifunika shuka zao, wameegemea mikuki. Hakuna aliyeona ubaya. Bafta ni nyepesi, picha inapita hadi nyuma.

Mashine ikaanza kukoroma. Afande alitueleza kwamba filamu ile ni ya zamani, ya mafunzo ya vita vingine vya nchi nyingine, na kwamba sehemu ya sauti imekufa, hivyo yeye ndiye atakayekuwa sauti. Sikuwa nimewahi kuona sinema isiyo na sauti. Ndege zilitoka kwenye mawingu ya kijivu na kutujia bila mngurumo wowote. Upepo wa kutoka mlimani ulipoijaza nguo, ndege nazo zilivimba; upepo ulipoiacha, zilinywea. Zilikuwa kama zinapumua. Na kila pumzi ilituletea harufu ya kafuri. Niliwaona Waislamu wenzangu wakijifunika pua kimyakimya. Wengine hawakujua ile ni harufu ya nini, ila nao waliacha kuzungumza.

Pakatokea askari ndani ya picha, mzungu aliyevaa kofia ya chuma, amekinga macho kwa mkono, anatazama angani. Kisha akashusha uso akatutazama sisi. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Afande alisimama kando ya nguo na fimbo. Alisema tusihangaike na rangi, kwa maana rangi hupakwa, adui anaweza kujipaka rangi yoyote anayotaka. Tutazame umbo. Zile kubwa, alisema, mkiziona mtakuwa mmechelewa. Ya kuogopwa ni ndogo inayotangulia kuchungulia. Akatuonyesha mbili zilizofanana kama mapacha, za injini moja, mabawa juu, zinakuja usoni kwetu. Tofauti ilikuwa moja. Chini ya bawa moja kulining'inia kitu kama kibuyu, kila moja upande wake.

"Kibuyu kikiwa hapa," akasema, na fimbo yake ikasukuma nguo, "huyu ni adui. Kikiwa hapa, huyu ni wetu. Adui akishuka chini, piga. Msimsubiri ajieleze."

Mtani wangu akauliza kama kibuyu kile kina pombe. Afande hakucheka, akarudia, fimbo hapa, fimbo hapa. Mimi niliweka akilini: adui kibuyu upande wangu wa kushoto, wetu upande wa kulia. Nilifurahi kidogo moyoni, kwa kuwa ndege ya daktari wa misheni, iliyokuwa ikitua mara mojamoja kwenye kiwanja cha majani chini ya shamba, nayo ilikuwa na kitu cha namna hiyo bawani, na nilikumbuka ikija kipo kulia. Nikasema basi daktari wetu yu salama.

Asubuhi niliifua ile nguo, nikaifukiza udi, nikairudisha sandukuni. Afande akaondoka. Nyuma yake aliacha amri kwamba kiwanja cha majani kizibwe kwa mapipa ili adui asitue, na kwamba wafugaji wakilinde, kwa sababu sisi vibarua tulikuwa na kazi ya shamba. Walipewa bunduki chache za zamani.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito. Udongo wetu mwekundu ukishiba maji hauruhusu gurudumu. Barabara ya kuteremka Mto wa Mbu ilikatika, malori yakalala njiani. Katika siku hizo mke wangu alishikwa na uchungu wa mimba yetu ya kwanza.

Mkunga alikuwa bibi wa Kiiraqw kutoka Endamarariek, mwanamke wa maneno machache aliyezalisha nusu ya kambi. Alikaa na mke wangu mchana kutwa na usiku wake. Kulipokaribia kupambazuka alitoka nje, akaosha mikono taratibu mno, nikajua.

"Mwanangu," akaniambia, "mtoto amekaa vibaya. Mikono yangu imefika mwisho. Anahitaji kisu cha hospitali, na leo."

Nikakimbia zahanati ya misheni, ambako kulikuwa na redio ya kuzungumzia na hospitali. Mtawa wa pale alizungumza nayo hadi ikajibu. Daktari angekuja na ndege asubuhi hiyo mawingu yakimruhusu, na angemchukua. Nilirudi kumwambia mke wangu. Alikuwa amegeuza uso ukutani. Alinishika kidole kimoja tu, kama mtoto, akasema, "Nenda kaipokee. Mimi nitaisikiliza kutoka hapa."

Tulimlaza juu ya kitanda cha kamba na vibarua wanne wakambeba, mtani wangu mmoja wao, polepole kwa ajili ya utelezi. Mimi nikatangulia mbio kwenda kuondoa mapipa.

Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa kreta ya Ngorongoro hadi kwenye majani. Nilikuta mapipa kabla sijayaona, kwa goti. Halafu watu wakasimama kutoka ardhini, wekundu, mmoja hapa na mmoja pale, kana kwamba wameota. Mkubwa wao alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye masikio yaliyotobolewa na bunduki iliyofungwa kamba ya ngozi. Nilimsalimu, nikamweleza. Alinipa pole kwa habari ya mke wangu. Kisha akaniuliza hiyo ndege ya daktari ikoje.

Nikamwambia ni ndogo, ya injini moja, mabawa juu, yenye kibuyu. Akaniuliza kibuyu kipo wapi. Nikachutama nikachora kwenye tope ndege inayokuja, na kibuyu upande wa kulia.

Akatazama mchoro ule, akawaita wenzake. Wakatazama nao. Akautia ncha ya mkuki penye kibuyu.

"Huyu ni adui, mwalimu."

Nikadhani hakunielewa. Nikaeleza tena. Akanisikiliza mpaka mwisho, bila haraka, akarudia neno lile lile. Wote waliona kwa macho yao, akasema, na fimbo ya afande ikigusa pale pale. Akija mwenye kibuyu upande huo, wameamriwa wapige, na watapiga. Hakusema kwa ukali. Na juu yetu, ndani ya mawingu, ndege ikaanza kusikika.

Ilikuwa haionekani hata kivuli. Ilizunguka. Sauti ilitoka upande wa Oldeani, ikapita juu ya vichwa, ikaenda kama ya kupotea, ikarudi. Wafugaji wakaenea majanini na bunduki zao. Mimi kila niliponyanyua uso niliona ile ndege nyeusi ya kwenye bafta, na pua yangu ikanusa kafuri, ingawa hapakuwa na kitu pale ila majani na mvua.

Nikamuuliza siku ile ya sinema walikaa wapi. Akasema, nyuma, upande wa mlima. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, ila sikujua namna ya kumfanya aelewe kabla ndege haijashuka. Nilijaribu kumwambia habari za nguo na mwanga, maneno yakanigonga meno. Mwisho nikamuuliza juu ya kile anachokijua. Ng'ombe wa kwao hukatwa alama sikioni ili mwenyewe amtambue.

"Ng'ombe wako ana alama sikio la kulia," nikasema. "Akikujia kutoka malishoni, alama iko upande wa mkono wako upi?"

"Wa kushoto."

"Na ukimfuata nyuma?"

"Wa kulia," akasema. Akageuka akatazama mchoro wangu kutoka upande wa pili. Akazungumza na wenzake kwa Kimasai. Mmoja akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepata jambo lisilomfurahisha.

"Kumbe sisi tulimwangalia kwa nyuma," akasema. Halafu akaongeza jambo ambalo limenikaa hadi leo. "Lakini hatukuona mkia, mwalimu. Tuliona anakuja kwetu, uso kwa uso. Na ninyi mliona anakuja kwenu. Mtu wa kofia alitutazama sisi machoni. Nani amesema ninyi ndio mlikaa mbele?"

Nilimwambia mashine ilikuwa upande wetu. Akasema mwanga ulitoka kwetu, sawa, lakini ndege zilitoka wapi? Nami nilianza kujiuliza mambo ambayo sikuwa nimeyauliza: kama afande mwenyewe alijua, kama ile filamu ya vita vya watu wengine iliwekwa mashineni kwa upande sahihi, kama ndege zile zilikuwa za nani, na zilipokuwa zinaruka kweli zilikuwa zinakwenda kumuua nani. Ndege ikapita tena juu yetu. Nikamkumbuka mke wangu akiisikiliza.

Yule mkubwa akainuka kutoka kwenye mchoro. Akasema yeye pia ana wake, na mmoja alimzika pamoja na mtoto aliyekaa vibaya. Watayavingirisha mapipa. Lakini bunduki zitabaki majanini, na mimi nisimame katikati ya kiwanja mahali ndege itakapokuja, ili kama si daktari, niwe wa kwanza kujua. Niliona ni haki. Ukweli wake ulikuwa na uzito sawa na wangu, na hakuna mtu mwingine aliyepaswa kuulipia wangu.

Wakayavingirisha mapipa. Nikaenda kusimama katikati kwa kanzu yangu nyeupe iliyolowa. Nilitia nia, nikasoma kwa sauti ndogo yale niliyofundishwa tangu utotoni kusoma wakati wa hofu. Nilipokuwa nasoma, mzunguko wa ile sauti ulipanda juu, juu zaidi, kama kitu kinachojiondoa, ukafifia. Pakawa kimya kabisa. Wala ndege wa porini hawakulia. Sijui kimya kile kilichukua muda gani. Nilijua tu kwamba ameshindwa kutuona na amegeuka, na kwamba nitarudi njiani kukutana na wabebaji na kumwambia mke wangu.

Ndipo ikatokea. Haikutoka juu. Ilitoka chini, ndani ya ukungu, upande wa ziwa Manyara, karibu kabisa na vilele vya miti, ikinijia usoni, mabawa juu, na kibuyu upande wangu wa kulia. Kwa kitambo kifupi sikuisikia kabisa. Ilikuwa bubu kama zile za kwenye nguo, inavimba. Sikuweza kujua nimesimama mbele yake au nyuma yake. Nikafumba macho. Nikangoja bunduki.

Hazikulia. Magurudumu yakagusa majani, tope likanirukia kifuani, na injini ikanguruma hadi nikaanguka upande. Nilipofumbua macho daktari alikuwa anashuka, mzungu mwembamba mwenye koti la mvua, ananiuliza mgonjwa yuko wapi. Wafugaji walisimama mmoja mmoja. Yule mkubwa alikuwa bado ameshika bunduki yake, mdomo umeelekea ardhini.

Kitanda cha kamba kilifika muda si mrefu. Mtani wangu, amechafuka tope mpaka nyusi, alimwinamia mke wangu akamwambia kuwa akirudi atalipa nauli ya mabega. Mke wangu akaweza kutabasamu. Wakampandisha.

Wakati daktari anafunga mlango nilimshukuru kwa kuzunguka muda mrefu vile bila kukata tamaa. Alinishangaa. Akasema hakuzunguka. Asingeweza kupita juu ya mawingu yale. Alikuja chini kwa chini kutoka bondeni, moja kwa moja, na alikuwa peke yake angani kwa kadiri alivyojua. Akawasha injini. Yule mkubwa wa wafugaji alikuwa kando yangu na alisikia. Hatukutazamana.

Ndege ilipoondoka na kumezwa na ukungu, tulibaki tumesimama pale wote, wafugaji na wabebaji. Mngurumo wake ukafifia kuelekea bondeni mpaka ukaisha. Na baada ya kuisha, juu, mbali, upande wa kreta, tuliisikia ile nyingine. Ilizunguka mara nyingine, taratibu, kama inayotafuta mahali. Mtani wangu alifungua mdomo kusema neno lake la mzaha, akaufunga. Kisha haikusikika tena, wala hakuna aliyewahi kutuambia ilikuwa ya nani.

Mke wangu alirudi mvua zilipopungua, juu ya lori la mahindi, akiwa na kovu na binti. Binti yule sasa ni mama wa watoto wakubwa. Mke wangu amewahi kuniambia kwamba akiwa kwenye kitanda cha kamba alizisikia mbili, na kwamba alijua ipi ni yake kwa sababu moja ilikuwa inakuja na nyingine ilikuwa inangoja. Sijamwuliza zaidi.

Nilikutana na yule mfugaji miaka michache baadaye, mnadani Karatu, anauza madume. Alimshika binti yangu kichwani akambariki kwa lugha yake, akatema mate kidogo juu ya paji la uso kama wafanyavyo wao kwa mtoto wampendaye. Akaniuliza kama niliwahi kuisikia tena. Nikasema hapana. Akasema yeye alikuwa akiisikia, ukungu ukishuka hadi bomani, na kwamba hamwambii mtu mwingine atazame juu. Tukazungumza bei za ng'ombe.

Ile bafta ilikaa sandukuni mpaka alipofariki mtani wangu, katikati ya miaka ya themanini, kwa homa. Hakuwa na ndugu Karatu. Nilimwosha mimi. Nilipoitoa nguo, nikaiona mishono yetu ya siku ile, ambayo hakuna aliyewahi kuifumua. Ilinipasa, kwa desturi ya utani, kusema jambo la kuwachekesha waombolezaji. Niliitandaza, nikainyanyua mbele ya dirisha, nikaigeuza, nikaigeuza tena. Watu wakaniuliza natafuta nini.

"Natafuta mbele yake," nikasema, "huyu asije akafika kinyumenyume."

Walicheka, Mungu awalipe, na mimi nikalia. Nguo ilikuwa nyeupe pande zote mbili. Nikamfunika, na harufu ya kafuri ikajaa chumba, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile haikunifanya nitazame juu.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akujalie kumtambua anayekujia kwa heri kabla hujanyanyua mkono juu yake. Akuonyeshe njia pale macho yako yanapokoma, awalinde walio nyumbani kwako wanaosikiliza mlango, na siku utakayofunikwa nguo nyeupe, akupokee uso kwa uso. Amina.